Reli za modeli za kutengeneza kwa mkono: amua kwanza utaishikaje reli, vifaa vitafuata

Swali: "Habari mtaalamu. Nimeamua kujenga njia ya treni za modeli kwa mkono, skeli ya HO, urefu mita nne hivi na pointi tatu (pale njia inapogawanyika kuwa mbili). Reli nilizonazo ni za shaba ya njano, nilipewa na mzee mmoja aliyeacha hii hobi, ziko nyingi tu. Nina balsa ya kukatia mataruma (vile vipande vinavyolala chini ya reli) na mabaki ya bodi za saketi kutoka kwenye redio mbovu. Sasa naambiwa nizitupe hizo reli maana shaba ya njano haipitishi umeme vizuri, ninunue nikeli-silva kwa sababu ina fedha ndani yake. Mwingine anasema hamna haja ya kulehemu, supaglu inatosha. Alafu kipande cha majaribio nilichogundisha juu ya MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) kimeinuka katikati na reli imejipinda pembeni, nadhani ni joto. Mwanangu wa miaka minane ananisaidia kila jioni, sitaki akate tamaa. Ninunue nini hasa?"

Habari nzuri ndugu yangu, na hongera kwa kuamua kujenga mwenyewe. Swali lako lina maswali manne matano ndani yake lakini wasiwasi naona ni mmoja, unaogopa kutoa hela sasa hivi alafu baada ya muda uje ubandue kila kitu mtoto akiwa amesimama pembeni anaangalia. Ni wasiwasi wa haki kabisa, na kipande chako kilichoinuka kimeshakuonyesha inavyokuwa. Reli zako usizitupe, nitakueleza pa kuzitumia. Ila kabla hatujafika kwenye reli nataka tugeuze mpangilio wa maswali yako, maana karibu kila anayeanza huuliza kwanza "reli gani?" na cha kuuliza kwanza ni "reli itashikwaje na taruma?" Ukishaamua namna ya kuishika, taruma linajichagua lenyewe, gundi inajichagua, na hata reli inabaki na machaguo mawili tu. Watu wananunua reli nzuri, wananunua mbao nzuri, wanarudi nyumbani ndo wanaanza kujiuliza hivi vitu viwili vinaunganaje, na hapo ndo supaglu inapoingia.

Sababu ni hii. Treni haijali sana njia imetengenezwa kwa kitu gani, inajali upana kati ya reli na reli usibadilike. Reli ya kawaida ya dunia kubwa ina upana wa milimita 1435, ukigawa kwa 87 ambayo ndo skeli ya HO unapata 16.5, na hiyo 16.5 ndo maisha ya njia yako yote. Nusu milimita ni kitu kidogo sana kwa macho, lakini kwa gurudumu la HO ni kikubwa, upana ukipungua kiasi hicho ukingo wa gurudumu unapanda juu ya reli, ukizidi basi kwenye pointi magurudumu yanaanza kugonga au kudondoka. Kinacholinda hiyo nusu milimita ni kile kiungo kati ya reli na taruma, siku zote, kwenye joto na baridi, wakati unasafisha, wakati mtoto ameegemea ubao. Kwa hiyo kiungo ndo kinunuliwe kwanza, yaani kichwani kabla ya dukani.

Namna za kushika ziko tatu zinazoeleweka. Ya kwanza ni kulehemu reli moja kwa moja kwenye mataruma yaliyokatwa kutoka bodi ya saketi yenye shaba juu. Ya pili ni kupigilia misumari midogo sana yenye kichwa kilichopinda, inayoshika kitako cha reli kwenye taruma la mbao. Ya tatu ni vishikio vidogo vya plastiki vinavyovalishwa kwenye reli kisha vinayeyushwa kidogo kwa kimiminika maalum ili vishike kwenye taruma la plastiki au la plaiwudi. Hiyo ya tatu ndo inapendeza kuliko zote kwa macho, kila kishikio kinaonekana kama cha kweli, lakini ni ya polepole, na vile viyeyushi, butanoni na jamaa zake, vina mvuke mkali ambao sitaki kabisa mtoto wa miaka minane akae nao chumba kimoja. Ya misumari ni nzuri, ina raha yake, ila inataka ubao wa chini unaokubali msumari na unaoushika, na MDF haikubali, misumari midogo hivyo inapinda kabla haijaingia.

Kwako wewe nasema anza na kulehemu kwenye bodi ya saketi. Sio kwa sababu ni nzuri kuliko zote, kwa sababu inasamehe. Ukikosea upana unapasha moto tena, unasogeza reli, inapoa, umemaliza. Msumari ukishatoboa mbao mara mbili tatu sehemu moja ile mbao haishiki tena, na kishikio cha plastiki kikishayeyuka kimeyeyuka. Mtu anayejifunza anahitaji kiungo kinachorudi nyuma.

Haya, sasa chuma chenyewe. Uliyoambiwa kuhusu shaba ya njano na nikeli-silva ni kinyume. Nikeli-silva haina fedha hata chembe, ni mchanganyiko wa shaba nyekundu, nikeli na zinki, jina limetokana na rangi yake tu. Na kwa kupitisha umeme ni dhaifu kuliko hiyo shaba yako: tukichukua shaba nyekundu safi kuwa 100, shaba ya njano ya kawaida iko kama 28 hivi, nikeli-silva iko kati ya 6 na 8 kutegemea nikeli iliyomo ni kiasi gani. Kwa hiyo anayekuambia shaba ya njano haipitishi umeme amekosea kwenye chuma chenyewe, ila ana sababu kwa kitu kingine, nacho ni ile ngozi ya juu. Shaba ya njano ikikaa kwenye hewa, hasa yenye unyevu, inaota utando mweusi mweusi na huo utando unazuia umeme kati ya reli na gurudumu, pale pale panapogusana ambapo ni padogo mno. Nikeli-silva nayo inachafuka lakini polepole, na uchafu wake unatoka kwa kitambaa. Ndo maana njia ya shaba ya njano ukiiacha wiki chache bila kuendesha treni injini inaanza kukatakata, inasimama, unaisukuma kwa kidole, inaenda tena.

Na huo udhaifu wa nikeli-silva una dawa rahisi na una faida yake pia. Dawa ni kutoutegemea urefu wa reli kusafirisha umeme, unalehemu waya mwembamba wa shaba chini ya kila kipande cha reli na kuushusha kwenye waya mnene unaopita chini ya ubao, basi umeme unasafiri kwenye shaba nyekundu na reli inabaki na kazi ya kuugawa kwa umbali mdogo tu. Fanya hivyo hata ukitumia shaba ya njano, na usiamini vile viungio vya kuchomeka kati ya reli na reli kupitisha umeme, vinalegea. Faida ni kwamba chuma kisichopitisha umeme vizuri hakipitishi joto vizuri pia, kwa hiyo ukilehemu sehemu moja ya nikeli-silva ile sehemu ya jirani uliyomaliza dakika moja iliyopita haiyeyuki haraka. Kwenye shaba ya njano joto linakimbia, utaliona mwenyewe, unalehemu taruma la tatu na la pili linaanza kung'aa.

Kuna reli za stili pia, na wapo wanaozipenda kwa rangi yake na kwa sababu injini zenye sumaku zinashika vizuri. Kwa chumba chenye unyevu mimi siwezi kukushauri, maana siku utakapomwaga gundi ya maji kwenye kokoto za kupamba njia ndo siku kutu inaanza. Aluminiamu achana nayo, risasi ya kawaida ya kulehemia haishiki juu yake.

Zile reli zako za shaba ya njano, fanya hivi. Chukua kalipa (kile kipimo chenye taya) upime kimo chake kutoka kitako hadi kichwa. Reli za modeli huitwa kwa namba, 100, 83, 75, 70, 55, na namba hiyo ni kimo kwa sehemu za elfu za inchi, kwa hiyo 100 ni milimita 2.54, 83 ni kama 2.1, 75 ni 1.9, 55 ni 1.4. Reli nyingi za zamani za shaba ya njano ni namba 100 na sitashangaa zako zikiwa hizo. Ukizidisha 2.54 kwa 87 unapata reli yenye kimo cha sentimita 22, na reli nzito ya kisasa ya Ulaya, ile ya kilo 60 kwa mita, ina sentimita 17.2 tu. Ndo maana njia ya namba 100 inaonekana nene hata kwa mtu asiyejua kwa nini. Namba 75 inakupa kama sentimita 16.6, ambayo ni karibu sana na njia kuu ya kweli, 83 inakaa vizuri kwa anayeiga njia nzito za Marekani, na 55 ni ya tawi jepesi lenye treni chache. Mimi kwako naona 75. Wanaoogopa 75 wanaogopa magurudumu ya zamani yenye ukingo mrefu, yale ya kuzidi milimita moja, kwamba yatagonga vishikio. Ni kweli kwenye njia yenye vishikio vya plastiki, lakini kwenye njia iliyolehemiwa hakuna kitu ndani ya reli cha kugongwa, isipokuwa ukiacha donge la risasi upande wa ndani, kwa hiyo risasi iwe upande wa nje tu, kila mara, bila kuchoka.

Hizo reli za shaba ya njano zitumie kujifunzia. Jenga nazo mita moja kamili, ya mkunjo na ya kunyooka, na pointi moja mbaya mbaya ya mazoezi, endesha treni juu yake, uone unavyoshika risasi na unavyopima. Hazitapotea bure. Na kama baada ya hapo utaamua kujenga njia yote kwa shaba ya njano kwa sababu ndo unayo, sitakuzuia, inafanya kazi, sharti ni uifute mara kwa mara kwa kitambaa chenye alkoholi na uwe unaendesha treni kila siku mbili tatu. Msasa mkali usitumie kusafisha maana mikwaruzo inageuka mifereji ya uchafu. Ukiamua nikeli-silva, mita nne za njia ni mita nane za reli, ongeza mita moja hivi kwa kila pointi na za kuharibu kidogo, basi mita 12 zinakutosha. Usichanganye namba 100 na 75 kwenye njia moja kama hujui kusawazisha kimo chake, ile ngazi ndogo ya zaidi kidogo ya nusu milimita gurudumu linaisikia.

Bodi za saketi. Za kwenye redio mbovu hazifai, na sio kwa sababu ni kuukuu. Shaba yake imeshachongwa kuwa njia nyembamba nyembamba na matundu, taruma lako litakuwa na shaba upande mmoja na upande mwingine hamna. Unahitaji bodi tupu yenye shaba nzima juu, upande mmoja tu unatosha, unene wa milimita 1.6. Alafu angalia mwili wake: ile ya kahawia ambayo ukiikata inatoa harufu kali ni ya karatasi na resini, ile inayopitisha mwanga kidogo yenye rangi ya kijani kibichi au manjano ni ya faiba ya kioo. Chukua ya faiba. Shaba iliyo juu ni nyembamba sana, kwa kawaida maikromita 35, na kinachoishika ni gundi iliyo chini yake, kwenye bodi ya kahawia hiyo gundi haivumilii moto wa kurudia rudia, unapasha mara ya tatu na shaba inabanduka na reli yako inakwenda nayo. Ila vumbi la faiba linawasha ngozi na sio la kuvuta, kwa hiyo kata nje, vaa barakoa nzuri, lowanisha kidogo unaposugua, na mtoto asiwepo wakati wa kukata. Wapo wanaouza mataruma yaliyokwisha kukatwa, na kwa mtu mwenye msaidizi mdogo naona ni hela iliyotumika vizuri, ila soma skeli. Yaliyokatwa kwa ajili ya skeli ya Uingereza ya 1:76 yana urefu wa kama milimita 34, na kwa HO taruma la mita 2.6 ni milimita 30, upana 3. Upana wa njia wa skeli zote mbili ni ule ule 16.5 kwa hiyo duka linaweza kukuuzia bila kujua, na utakuja kuona mataruma yako yamekuwa marefu ukishamaliza.

Sasa kitu ambacho wengi hawaambiwi mpaka kiwakute: taruma la shaba linaunganisha reli ya kushoto na ya kulia, yaani ni shoti tayari. Kila taruma lazima likatwe mfereji mwembamba kwenye shaba, kati ya reli mbili, kwa tupa ya pembe tatu au msumeno mwembamba, mpaka uone bodi chini ya shaba. Kata kabla ya kulehemu, na pima kila moja kwa multimita (kile kipima umeme), weka kwenye mlio, gusa upande huu na upande ule, ukisikia mlio rudia kukata. Hii kazi ya kupima mpe mwanao. Ni salama, haina moto, na mtoto wa umri huo anaipenda kwa sababu ya ule mlio, na wewe inakuokoa, maana taruma moja lenye uzi wa shaba usioonekana likishalehemiwa kati ya mia moja mengine kulitafuta ni kazi ya kutesa.

Huhitaji yote yawe ya bodi lakini. Umbali wa taruma na taruma kwenye njia ya kweli ni sentimita 60 hivi, kwa HO ni karibu milimita 7, ina maana kila mita inabeba mataruma kama 145, na mita nne ni 580. Kwenye njia ya kawaida weka la bodi kila la tano, yaani kama 29 kwa mita, na katikati weka ya mbao ambayo hayabebi reli, yanakaa tu chini yake. Kwenye miisho ya reli weka mawili matatu ya bodi yaliyofuatana maana hapo ndo reli inapotaka kuchomoka. Kwenye pointi weka mengi, karibu nusu, na sehemu zote za hatari yawe ya bodi. Cha kuangalia ni unene, bodi 1.6 na mbao 1.5 ni sawa, lakini mbao ikiwa 2 basi reli itainuliwa juu ya bodi na utalehemu hewa.

Na hapo balsa inatoka. Balsa ni laini, ukiibonyeza kwa ukucha inabaki na alama, haishiki msumari, na ukiimwagia gundi ya kokoto inavimba kwa namna yake. Kwa mataruma ya mapambo katikati ya yale ya bodi unaweza kuitumia kama ndo unayo, haibebi mzigo, lakini plaiwudi nyembamba ya milimita 1.5 ni bora mara nyingi, inakatika sawasawa na haibadiliki. Mataruma yagundishe kwa gundi nyeupe ya mbao isiyoogopa maji. Ile ya kawaida inayolainika ikilowa itakuachia siku ya kumwaga kokoto, utaona mataruma yameanza kuelea na hutakuwa na mkono wa tatu wa kuyashika.

Kuhusu supaglu niseme wazi, hapana, sio kwa kushika reli. Inashika haraka ndo maana inavutia, lakini ikikauka ni ngumu na inavunjika kama kigae, haipindi. Reli inarefuka na kufupika kidogo kila siku, gurudumu linaitikisa, na kitako cha reli kinachogusa taruma ni chembamba, milimita mbili hivi, kwa hiyo kiungo kinapasuka kimya kimya, reli inabaki imekaa mahali pake kwa macho yako lakini haijashikwa. Alafu siku unapolehemu waya wa umeme moto unamalizia yaliyobaki. Itumie kubandika vitu visivyobeba kazi.

Kulehemu kwenyewe ni ufundi wa mikono ambao unakuja, vifaa vyake ndo naweza kukusaidia. Kifaa cha wati 40 hadi 60 chenye ncha bapa, sio ile ncha kali kama sindano, maana ncha kali haina joto la kutosha, unakaa sekunde kumi ukisubiri na hapo ndo shaba inabanduka. Unataka uguse, risasi itiririke, utoe, sekunde mbili tatu. Risasi ya 60/40 ya bati na madini ya risasi inayeyuka kwenye nyuzi 183 hadi 190, zile zisizo na madini ya risasi zinataka 217 mpaka 227 kutegemea aina, na tofauti hiyo unaisikia kwenye bodi. Sugua taruma na kitako cha reli mpaka ving'ae, paka flaksi (dawa inayosaidia risasi ishike), paka risasi nyembamba kwenye taruma kwanza, weka reli, bana kwa geji (kipimo kinachoshikilia upana wa njia), pasha kwa nje. Kama flaksi yako ni ya asidi osha njia kwa maji ya vuguvugu na mswaki siku hiyo hiyo, ukiiacha utakuta ukijani umeota kwenye viungo vyote. Ile ya mafundi bomba usitumie kabisa, ni kali mno kwa shaba nyembamba hivi.

Geji nayo hesabu kama kifaa, sio anasa. Nunua angalau mbili za kuvalisha juu ya reli, na moja yenye miguu mitatu kwa ajili ya mikunjo, hiyo inapanua njia kidogo yenyewe kwenye kona ambapo injini ndefu inahitaji nafasi. Shirika la wapenda modeli la Marekani, NMRA, lililoanzishwa mwaka 1935, lina kibati cha kupimia cha HO ambacho kinapima njia na magurudumu pia, na hicho kitakuokoa mara nyingi kwa sababu kwa treni nyingi zinazodondoka njia haina kosa, magurudumu yamesogeleana kwenye ekseli. Kwa michoro ya pointi ipo programu inaitwa Templot, unachora, unachapisha karatasi kwa ukubwa halisi, unabandika mataruma juu ya karatasi. Ila baada ya kuchapisha pima kwa rula kabla hujaiamini, printa nyingi hubana ukurasa.

Mikunjo, neno moja: ipinde reli kwa vidole mpaka ikae karibu na mkunjo yenyewe bila kushikwa, ndo ulehemu. Ukiilazimisha ikiwa imenyooka inabaki inavuta siku zote na siku moja itang'oa shaba.

Turudi kwenye kipande chako kilichoinuka. Joto lina sehemu yake lakini tufanye hesabu. Nikeli-silva inarefuka kama sehemu 17 kwa milioni kwa kila nyuzi moja, shaba ya njano kama 19, kwa hiyo mita moja ya reli zako joto likipanda nyuzi 20 inarefuka chini ya milimita 0.4. Ni kidogo. Ikiwa haina pa kwenda inatosha kupinda reli kidogo, lakini kuinuka kwa namna unayoeleza namshuku mwingine, nae ni ubao. MDF inakunywa unyevu, hasa kwenye kingo zake zilizokatwa, inavimba, alafu chumba kikikauka inasinyaa. Reli haisinyai na unyevu. Ubao ukifupika chini ya reli ambayo urefu wake haujabadilika, reli lazima iende mahali, na ikiwa imeshikwa kwa supaglu iliyoshapasuka nusu inaenda juu na pembeni. Kwa hiyo usibadilishe reli, badilisha ubao au uufunge. Plaiwudi nzuri inatulia kuliko MDF. Ukibaki na MDF ipake vanishi au rangi ya mafuta pande zote, juu, chini na kingo mara mbili, kabla hujaweka hata taruma moja, na iache ikae kwenye chumba hicho hicho siku kadhaa. Alafu kila mita hivi acha nafasi ya nusu milimita kati ya reli na reli, na kila upande wa hiyo nafasi uwe na waya wake wa umeme.

Pointi tatu zitakuchukua muda kuliko mita nne zote, usishangae. Kwa vifaa hazina tofauti kubwa, ila ile V ya katikati, pale reli za njia mbili zinapokutana, iache iwe ya chuma kitupu na uipe umeme wake kupitia swichi ndogo inayogeuka pamoja na pointi, injini fupi hazitasimama juu yake. Lazima basi ukate reli mbele na nyuma ya V ili itengane na reli nyingine, na kwenye mikato hiyo chomeka kipande chembamba cha plastiki ukigundishe, hapa supaglu inafaa, maana bila hivyo siku ya joto ule mkato unafunga na unapata shoti ambayo jioni haipo. Zile ndimi mbili zinazosogea usizilehemu moja kwa moja kwenye kipande cha bodi kinachozivuta, pale panapindapinda kila ukigeuza na risasi inachoka, tumia kipini kidogo cha waya wa shaba ya njano kinachozunguka kwenye tundu.

Mtoto: apime mifereji, apange mataruma kwenye karatasi, apake rangi, amwage kokoto, aendeshe. Risasi yenyewe asiishike, na wewe ukiishika nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumgusa, futa meza kwa kitambaa kibichi, usifagie. Moshi unaouona unatoka kwenye flaksi, fungua dirisha na uweke feni ndogo inayouvuta kwenda nje. Ukianza kubanwa kifua au kukohoa kila unapolehemu usivumilie, acha kazi na umuone daktari, moshi wa flaksi yenye utomvu wa misonobari unaweza kuleta pumu na ikishaanza huwa inaendelea.

Kama baada ya kukata mifereji yote na kupima bado una shoti, chomoa waya zote chini ya ubao urudishe mmoja mmoja, na ikikushinda mpelekee fundi wa elektroniki, ataiona kwa dakika chache akiwa na ubao mbele yake, kwa maandishi tutazunguka sana. Treni zikidondoka sehemu ile ile na upana ni 16.5 sawasawa, tafuta mtu wa klabu ya modeli mwenye uzoefu aje aishike ile pointi kwa mkono, kuna makosa ya V ambayo vidole vinayajua kuliko picha. Na transfoma inayochomekwa ukutani usiifungue kwa sababu yoyote ile. Ikinuka, ikilia, ikiwa ya moto kupita kawaida, ichomoe na ununue nyingine iliyopimwa usalama, hapo hatubanii hela.